Kutoka Kambarage hadi Katoro: Wiki moja ya kumtafutia kijana timu ya mpira

Dada yangu alikuwa ameapa. Njumu za mwanawe alizifunga kwenye mfuko, akazitupa juu ya kabati na kutangaza kuwa habari za mpira ndani ya nyumba ile zimekwisha.

Sikuweza kumlaumu. Msimu wa mvua uliotangulia, kijana akiwa na miaka 10, timu ya mtaa iliyokuwa imemchukua ilifika fainali ya bonanza la Jumapili. Asubuhi ya siku hiyo alimwambia kocha wake kuwa kichwa kinamuuma na anasikia baridi. Kocha akampa vidonge viwili vya kutuliza maumivu na kumwambia ajikaze, mwanaume haumwi siku ya fainali. Akajikaza. Walishinda, wakabebwa juu juu hadi mtaani. Saa 4 usiku kijana akaanza kuweweseka, na alfajiri tulikuwa wodini tukitazama damu ya mtu tusiyemjua ikidondoka tone kwa tone kuingia kwenye mshipa wake. Malaria kali, damu imekwisha.

Mimi naandika habari za afya. Takwimu za malaria za kanda yetu nazijua kama namba yangu ya simu: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta watoto 17 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano mkoani Geita wana vimelea, mkoa wa pili nchini baada ya Kigoma. Usiku ule takwimu haikunisaidia kitu. Nilichokuwa nakiwaza ni kwamba mtoto alisema anaumwa, na mtu mzima aliyemsikia alikuwa na kombe la kutafuta.

Basi njumu zikakaa juu ya kabati. Kijana naye hakuacha mpira, aliuhamishia tu peku. Akitumwa dukani anapitia kwenye chandimu, halafu anaosha miguu bombani kwa jirani kabla ya kuingia ndani. Mama yake alikuwa anaona vumbi kwenye kucha na kunyamaza, jambo ambalo kwa dada yangu ni baya kuliko kelele.

Wakati huohuo shemeji, ambaye ni fundi magari Katoro, alikuwa anataka familia imfuate huko badala ya kuendelea kubaki Shinyanga. Dada alikuwa hajaamua. Mimi nilikuwa na kazi Kahama na Geita wakati wa likizo ya Juni. Nikamwambia, "Dada, kumkataza umeshindwa. Nipe mtoto wiki moja. Tutaangalia timu za watoto njia nzima mpaka kwa baba yake. Nisipopata hata moja ya kuaminika, njumu zibaki huko juu."

Alinitazama kwa muda mrefu. "Ukinirudishia mtoto ana homa, mdogo wangu, usinijue."

*

Tulianzia Kambarage, kwa kuwa kijana alitaka kuuona uwanja ambao amekuwa akiusikia tu kwa wakubwa. Juni Shinyanga ni vumbi na upepo, mchana jua linachoma, jioni unatafuta sweta. Nje ya uwanja tulimkuta mzee anauza karanga. Tukaamkiana kwa Kisukuma, mwadila, mwadila, na alipojua tumefuata mpira hakutuacha tena.

Alitusimulia habari za Stand United, Chama la Wana, timu iliyoanzia kwa watu wa stendi ya mabasi hapahapa mjini na kupanda Ligi Kuu mwaka 2014. Mwaka uliofuata wakapata udhamini wa Acacia, kampuni ya migodi ya dhahabu. Zikaja fedha, na fedha zikaja na mgogoro wa nani mwenye timu. Mwaka 2019 ikashuka daraja. Mwadui, timu ya mgodi wa almasi upande wa Maganzo, ilipanda 2015 na kushuka 2021. Ukiongeza Geita Gold, iliyopanda 2021 na kushuka 2024, unapata historia ya mpira wa ukanda huu kwa kifupi: mgodi unatoa fedha, timu inapanda, upepo unageuka, timu inashuka.

Nalisema hili kwa sababu wazazi wengi huanza kutafuta timu ya mtoto kwa jina la timu ya wakubwa. "Ni ya vijana wa fulani," wanasema, kana kwamba sifa ya wakubwa itamlinda mtoto. Timu ya wakubwa inaweza kuwa Ligi Kuu leo na isiwepo kesho, mtoto wako akiwa bado yuko darasa la sita. Anayemfundisha saa 10 jioni siku ya Jumatano ni mtu mmoja mwenye filimbi. Huyo ndiye wa kumtafuta.

Mwenye filimbi wa kwanza tulimkuta Ngokolo, kwenye kiwanja cha wazi. Kijana mchangamfu, anawajua watoto kwa majina, hatukani. Nilimpenda. Lakini alikuwa peke yake na watoto zaidi ya 40 na mipira miwili, mmoja umechubuka. Watoto walipanga foleni ndefu, kila mmoja akisubiri zamu ya kupiga. Nilihesabu: katika dakika 20 mpwa wangu aligusa mpira mara sita. Muda uliobaki alisimama juani akisukumana na wenzake.

Kuhesabu huku ni kitu ambacho mzazi yeyote anaweza kukifanya, hata asiyejua kuotea ni nini. Chagua mtoto mmoja, hesabu anagusa mpira mara ngapi. Mtoto wa miaka 8 au 11 hujifunza kwa kugusa. Makocha wanaojua kazi huwagawa watoto vikundi vya wanne wanne au watano watano kwenye viwanja vidogo, ili hata yule mnene na mwoga afikiwe na mpira.

Jambo la pili lilinisumbua zaidi. Kocha yule alikuwa anawarushia mpira waupige kwa kichwa, mmoja baada ya mwingine, raundi tatu. Marekani, chama chao cha soka kilipiga marufuku kupiga kichwa kwa watoto wa miaka 10 na chini ya hapo tangu 2015, na England mwaka 2020 iliwaondolea kabisa mazoezi ya vichwa watoto wa umri wa shule ya msingi. Ubongo wa mtoto bado unakua, shingo yake ni nyembamba, na mpira wetu wa bei nafuu ukilowa unakuwa kama jiwe. Nilipomweleza kwa upole alishtuka kweli. "Dada, sisi tulifundishwa hivi hivi," akasema. Naamini angebadilika. Tatizo lake halikuwa roho, lilikuwa idadi.

"Mamdogo," kijana akaniuliza tukiondoka, "umeona hawana nyavu?"

Kumbe kila mtu alikuwa na kipimo chake. Mimi naangalia ndoo ya maji iko wapi, yeye anaangalia goli lina nyavu au halina.

*

Kahama tulifika kupitia Tinde na Isaka, kwenye basi lililojaa wafanyabiashara wa mchele. Ni mji unaokwenda mbio. Mgodi wa Buzwagi, uliofunguliwa 2009 karibu kabisa na mji, ulifunga uzalishaji 2021, na watu wakasema Kahama imekwisha. Haikuisha. Maghorofa yanaendelea kupanda na maduka yamejaa hadi usiku.

Kituo tulichoelekezwa kilikuwa na kila kitu. Nyavu zilikuwepo, na kijana akanibana mkono. Kulikuwa na koni za rangi, jezi za mazoezi zenye namba, makocha watatu, na ofisi yenye feni na picha za watoto wakiwa wamenyanyua vikombe. Ada Sh30,000 kwa mwezi, jezi mbali. Kijana akajaribiwa kwa nusu saa, akafunga mabao mawili, na msimamizi akatuita ofisini akitabasamu.

"Amezaliwa lini?"

Nikataja mwaka.

Akaandika, akafikiri, akafuta. "Ni mdogo wa umbo. Tumwandike miaka tisa. Kuna mashindano ya chini ya kumi yanakuja, atawasumbua sana."

"Ana cheti cha kuzaliwa," nikasema.

"Cheti kinatengenezeka, dada yangu. Umri ndiyo mtaji."

Mpwa wangu alikuwa amekaa pembeni yangu akisikia yote. Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira yangu haikuwa ya sheria tu. Mtu mzima alikuwa anamfundisha mtoto, kwenye siku yake ya kwanza, kwamba ili afanikiwe lazima jina lake liwe lake na umri wake uwe wa mtu mwingine.

Tuliache hilo la maadili, tuangalie mwili. Ukiona kituo kinashusha umri wa mtoto wako, ujue kimeshusha na wa wengine. Maana yake kwenye "chini ya 10" kuna vijana wa miaka 13 wenye kilo 15 zaidi, na siku moja mwanao mwenye miaka 9 ya kweli atagongana na mmoja wao. Hata njia yenyewe ya mkato ni fupi. Tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 la mwaka 2009 nchini Nigeria, FIFA hupiga picha za MRI za kifundo cha mkono kuangalia kama mfupa umekwisha kukomaa. Mfupa hauna cheti cha kutengeneza.

Na kwa wazazi wa mikoa yetu hii, kisingizio cha "hatuna cheti" kinazidi kupungua. Mpango wa RITA wa kuwasajili watoto chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti kwenye vituo vya afya na ofisi za kata ulifika Shinyanga na Geita mwaka 2017. Watoto waliokuwa wanabebwa mgongoni wakati ule ndio hawa wanaokimbiza mpira leo. Kitafute hicho cheti, kitoe nakala, na chenyewe kisiondoke nyumbani. Kituo kinachotaka kubaki na cheti halisi nacho ni cha kuaga kwa heshima.

Tuliaga. Kijana hakusema neno mpaka stendi. Nilimnunulia michembe na karanga, akala bila kuniangalia. Baadaye akauliza, "Mamdogo, kwani mimi ni mdogo wa umbo?"

Hili nalo naliandika kwa wazazi wenye watoto wafupi. Kati ya miaka 10 na 15 watoto hukua kwa mafungu, kila mmoja kwa saa yake. Aliye mrefu leo huenda amewahi tu kubalehe. Katika miaka hiyohiyo wengi hulalamika maumivu chini kidogo ya goti, pale mfupa wa ugoko unapoanzia, wakati mwingine na uvimbe mdogo mgumu. Mara nyingi ni mfupa unaokua huku ukivutwa na msuli unaotumika sana. Dawa yake ni kupunguza mazoezi kwa wiki kadhaa na kitambaa chenye baridi, na akichechemea, apelekwe kituo cha afya. Kumchua kwa nguvu kunaongeza maumivu. Mchuaji wa timu akimshika mwanao goti, mwulize anachua nini.

*

Kutoka Kahama hadi Geita kwa njia ya Bukoli ni kama kilomita 120. Tulipanda mchomoko, gari dogo lenye watu wengi kuliko viti, na nje ya dirisha dhahabu ikaanza kujionyesha kwa namna yake: vilima vya udongo uliochimbwa, maturubai ya bluu, mashimo yaliyojaa maji, na mlio wa karasha zikisaga mawe. Wakubwa wako upande wa uzio, mgodi wa Geita ambao umekuwa ukizalisha tangu mwaka 2000. Nje ya uzio ni wachimbaji wadogo na maduara yao.

Kwa macho ya mzazi, ukanda huu una mambo matatu ambayo mzazi wa Arusha au Dar es Salaam hana haja ya kuyauliza anapochagua kiwanja. La kwanza ni mashimo. Duara lililoachwa hujaa maji ya mvua, na mtoto aliyefuata mpira huona bwawa la kuogelea. La pili ni vumbi la karasha. Jiwe likisagwa hutoa chembe ndogo sana ambazo pua haiwezi kuzizuia, na mtoto anayekimbia huvuta hewa nyingi kuliko aliyekaa. La tatu ni zebaki, ambayo wachimbaji huitumia kukamata dhahabu kwenye mialo. Ikichomwa, mvuke wake huingia mapafuni, na mabaki yake hukaa kwenye matope na kwenye maji. Inashambulia mishipa ya fahamu, na mwili unaoathirika zaidi ni ule unaokua.

Kwa hiyo ukienda kutazama kiwanja, geuza shingo. Angalia kilicho nyuma ya goli, na upepo wa jioni unatokea wapi.

Geita mjini tulilala usiku mmoja. Kijana alitaka kuuona uwanja wa Nyankumbu, nikampeleka. Hapo kwao hata mtoto wa darasa la pili atakusimulia msimu wa 2021/22, Geita Gold ikiwa mgeni Ligi Kuu, George Mpole akafunga mabao 17 na kuwa mfungaji bora, timu ikamaliza ya nne na kwenda Kombe la Shirikisho Afrika. Alisimama getini muda mrefu. Sikumharakisha. Kuna mambo ambayo kocha hawezi kumpa mtoto, na hilo la kusimama nje ya geti na kuota ni mojawapo.

*

Katoro ni soko kubwa lililopitiwa na barabara. Shemeji alitupokea na mafuta ya gia mikononi, akatupeleka kwa mtu aliyekuwa amemsikia, mwenye kambi ya vijana.

Nitasema kwa kifupi, maana hata kukumbuka sipendi. Nyumba ya vyumba viwili, vijana 14, wadogo kabisa wana miaka 11 na 12. Magodoro chini. Vyandarua nilihesabu vitatu. Wawili walikuwa wameacha shule "kwa muda". Mlezi ni huyohuyo kocha, analala chumba kimoja na wadogo. Hakuna mama mpishi, hakuna mwalimu, hakuna mtu wa pili wa kumwangalia wa kwanza. Alituhakikishia kuwa miaka mitatu haitapita kabla kijana hajaenda Ulaya, na akatoa karatasi ya kusaini palepale.

Shemeji, ambaye siku nzima anashughulika na watu wanaotaka gari litengenezwe kwa ahadi, aliuliza swali zuri kuliko yote niliyokuwa nimeandaa mimi: "Nakala yangu iko wapi?"

Haikuwepo.

Mzazi, shika mambo haya mawili hata ukisahau mengine yote. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa hali chache kama wazazi wenyewe kuhamia huko kwa sababu zisizohusu mpira. Mbwana Samatta aliondoka kwenda TP Mazembe mwaka 2011 akiwa na miaka 18, akafika Genk 2016 na Aston Villa 2020. Hakuna aliyembeba akiwa darasa la sita. Pili, karatasi ile ina fedha ndani yake. Mchezaji akiuzwa kwenda nchi nyingine, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi wa miaka 23. Si vibaya kituo kupata haki yake. Vibaya ni kusaini usichosoma na kuachiwa mikono mitupu.

Kuhusu kulala kambini, msimamo wangu ni mkali na sitauomba radhi: mtoto wa shule ya msingi alale kwao. Kama ni lazima akae bweni kwa ajili ya mpira, liwe bweni la shule, lenye matroni, wenye kujibu simu, na ripoti ya darasani. Shule za namna hiyo zipo hata kanda yetu. Alliance ya Mwanza ilijenga jina lake kwa kuweka darasa na uwanja pamoja, na timu yake ikafika hadi Ligi Kuu. Na mtoto akikuambia kitu kuhusu kocha kinachokufanya usimamishe kijiko, usimwambie anyamaze. Namba 116, simu ya mtoto, ni ya bure, na kituo cha polisi chenye dawati la jinsia na watoto hakihitaji uwe na ushahidi mkononi ndipo usikilizwe. Wasichana na wavulana, yote ni sawa hapo. Watu hudhani wa kike ndio pekee wa kulindwa.

*

Siku ya mwisho nilikuwa nimekata tamaa. Mke wa jirani wa shemeji ndiye aliyesema, "Mbona hamjaenda kwa Mwalimu?"

Mwalimu ni mstaafu wa shule ya msingi. Uwanja wake ni wa udongo mwekundu, magoli ya mirunda, nyavu hakuna. Kijana alinitazama nikajifanya sijaona. Watoto kama 25, tisa kati yao wasichana, wamegawanywa makundi matano, wasaidizi wawili ni vijana wa sekondari. Chini ya mwembe kulikuwa na ndoo mbili zenye koki, vikombe vimefunikwa, na kaunta buku.

"Shikamoo babu," kijana akasema.

"Marahaba mjukuu wangu. Huyu ni mama yako?"

"Mama mdogo."

"Mama mwenyewe nampataje?"

Nikatoa namba ya dada. Akaiandika kabla mtoto hajagusa mpira. Halafu akaanza: amekula saa ngapi? Aliwahi kupata degedege? Ana pumu? Amewahi kuongezewa damu? Nyumbani kuna mwenye selimundu?

Nilisimama nikimshangaa. Nimehojiana na watu wenye vyeo ambao hawajawahi kuuliza maswali hayo. Nchi yetu inakadiriwa kupata watoto 11,000 kila mwaka wanaozaliwa na selimundu, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye wengi. Wengi wao wanapenda mpira kama wengine. Mwalimu alinionyesha kwa kidevu mtoto mmoja mwembamba aliyekuwa anacheza kwa dakika chache kisha anakuja kunywa maji na kukaa kivulini bila kuitwa, anarudi tena. "Yule daktari wake nimeongea naye. Acheze, asichoke, asikauke maji, asimwagiwe maji ya baridi. Kacheza mechi nne mwaka huu."

Nikamwuliza swali nililotoka nalo Shinyanga. Siku ya fainali, mchezaji wako bora anakwambia anasikia baridi. Inakuwaje?

Hakujibu. Alifungua kaunta buku na kunigeuzia. Kulikuwa na tarehe, majina, na safu moja aliyoipa kichwa cha habari "Sababu ya kukaa nje". Homa, katumwa kupima. Homa, kapima, hana malaria, kapumzika. Kidonda cha mguu. Hakula mchana. Mbele ya tarehe moja ya Agosti palikuwa na majina matatu yenye homa, na chini yake ameandika kwa kalamu nyekundu: Tumefungwa 4–0.

"Siku hiyo wazazi walinisema sana," akasema. "Wawili kati ya watatu walikutwa na malaria."

Nilitoka pembeni kidogo, nikajifanya napiga simu.

Ningependa kuishia hapo, lakini nimewaambia mgeuze shingo, na mimi niligeuza. Hatua kama 200 nyuma ya goli la kaskazini kuna karasha inasaga, na karibu yake kidimbwi cha mwalo. Mwalimu anajua. Kanuni yake ni kwamba mpira ukienda kule unafuatwa na mtu mzima, na upepo ukitokea upande ule mazoezi yanavunjwa. Ameomba uwanja wa shule ya msingi, amejibiwa asubiri barua. Amekuwa akisubiri tangu mwaka jana.

Nilikuwa nimempata mtu niliyemtafuta, na kiwanja kibaya kuliko vyote tulivyoviona. Usiku ule tulikaa na shemeji nje ya nyumba tukilipima jambo hilo. Mimi nilisema kocha mwenye kaunta buku anaweza kuhamishwa kiwanja, lakini kiwanja chenye nyavu hakiwezi kumbadilisha kocha wa Kahama. Shemeji akasema maneno mazuri hayazuii vumbi. Wote tulikuwa sahihi. Mwisho akasema mjumbe mmoja wa kamati ya shule anamdai gari lake, liko gereji wiki ya pili sasa, na ataongea naye.

Nilimrudisha mtoto Shinyanga bila homa. Dada alimshika shingo kwanza, akaridhika, ndipo akanisalimia. Nilimweleza yote, la karasha na la kaunta buku, sikumficha. Alisikiliza, akasema tu kwamba atakwenda kuona mwenyewe.

Wakahamia Katoro kabla ya muhula kuanza. Wiki tatu baadaye akanipigia jioni, nyuma yake nasikia filimbi.

"Uko wapi dada?"

"Nimekaa hapa kwenye jiwe. Barua ya uwanja bado, mkuu wa shule anasema wiki ijayo. Jumanne upepo ulitokea kule kwenye mashine, Mwalimu akawarudisha wote nyumbani."

"Na kijana?"

"Alinuna mpaka usiku." Akanyamaza kidogo, nikamsikia akimwambia mtu asogee, anamzibia. "Halafu zile njumu zimembana. Huko kwenu mjini namba 37 ni shilingi ngapi?"